Mwaka Nilipoazimwa Mwanafunzi Mwenzangu

Vijana wa chumba cha kompyuta mmeniomba niandike historia ya idara kabla sijasahau. Historia yenyewe ni fupi: palikuwa na stoo, pakawa na idara. Vyeo nilivyopata vimo kwenye faili langu kwa anayetaka kuvisoma, na mshahara wangu hauwezi kumfunza mtu chochote isipokuwa uvumilivu. Nitaandika juu ya ile miaka miwili niliyokuwa mwanafunzi, kwa sababu karibu yote niliyowafundisha yalitoka huko. Pia kuna mtu aliyefanya nusu ya kazi mnayoitumia, na wengi wenu hamjawahi kumwona.

Mimi nilianza hapa hospitalini kama mpiga chapa. Nilikuwa na mashine ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, iliyopenda kutafuna utepe kila nilipokuwa na haraka. Barua za rufaa, ripoti za mwezi, matangazo ya kuwakataza watu kupika kwenye korido, yote yalipita mikononi mwangu. Mwishoni mwa miaka ya tisini wafadhili wakatuletea kompyuta chache zilizokwisha kutumika kwao. Hakuna aliyejua kuziwasha. Ziliwekwa stoo, zikafunikwa mashuka meupe ya wodini, na wafagizi walikuwa wakipita hapo kwa adabu kama wanapita mbele ya marehemu.

Siku moja daktari mkuu wa wakati ule, Dokta Sulle, akaniita ofisini.

"Mama Tluway, wewe vidole vyako vinajua herufi zilipo bila kuangalia, sivyo?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi nusu ya kazi umeshamaliza. Nenda kasome nusu iliyobaki."

Nusu iliyobaki ilikuwa kubwa kidogo kuliko alivyodhani.

Mjini Karatu palikuwa pamefunguliwa chuo kidogo kilichofundisha shahada ya msingi ya kompyuta kwa niaba ya chuo kikuu kimoja cha mbali. Hiyo ni ngazi iliyo chini ya shahada kamili. Unasoma miaka miwili, siku kadhaa za wiki uko darasani, zilizobaki uko kazini, na kila unachofundishwa lazima ukifanye kwa mikono yako kwenye ofisi ya kweli yenye watu wa kweli wanaokukasirikia. Anayefaulu vizuri anaruhusiwa kuendelea mpaka shahada kamili.

Darasa letu lilikuwa gereji ya zamani ya magari ya watalii. Sakafu ilikuwa na madoa ya oili ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Umeme ulitoka kwenye jenereta lililokuwa likikohoa nyuma ya ukuta. Lami ilikuwa bado haijatufikia, kwa hiyo kila msafara wa watalii ulipopita kuelekea kreta, vumbi jekundu liliingia dirishani na kutulia juu ya kibodi, juu ya madaftari, juu ya kope zetu. Mpaka leo nikiona kompyuta safi sana nahisi haijafanya kazi.

Mwalimu wetu alikuwa Massawe, Mchaga wa Machame, aliyeanzia maisha kwenye ufundi redio kabla ya kwenda kusoma. Alivaa koti la bluu la fundi hata Jumapili. Wiki za mwanzo alitukataza tusiwashe chochote.

"Kitu usichoweza kukifungua," alisema, "huna haki ya kukiwasha."

Basi tukafungua. Zana zetu zilikuwa bisibisi, brashi ya kupakia rangi, na pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi. Siku niliyofungua sanduku langu la kwanza nilikuta kiota cha panya kimejengwa vizuri juu ya feni, na panya mwenyewe akatoka mbio, akapita juu ya viatu vya mwalimu. Massawe hakushtuka. "Huyo ndiye mausi wa kwanza wa kozi hii," alisema. "Wa pili ni huyu wa waya." Tulicheka mpaka machozi, lakini somo liliingia: tangu siku hiyo sijawahi kuwasha mashine iliyokaa stoo bila kuichungulia kwanza. Nanyi msiwashe.

Wanafunzi wengi walikuwa vijana wa mjini waliotaka kazi kwenye kampuni za utalii. Kiingereza chao kilikuwa cha magari ya wageni: simba, kamera, hakuna shida. Mimi nilikuwa mama pekee darasani, na mwanangu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Mwingine aliyeonekana hayupo mahali pake alikuwa Lekishon.

Alitoka Malambo, ng'ambo ya kreta, kwenye nyanda za wafugaji. Parokia ilimsomesha sekondari, kisha akafanya kazi ya kuongoza wageni wanaotembea kwa miguu. Siku ya kwanza aliingia darasani amevaa rubega, na sime kiunoni. Kijana mmoja aliyekaa mbele akaona amepata mchezo.

"Kaka, ng'ombe umewafunga wapi?"

"Nimewaacha na mchungaji," Lekishon akajibu taratibu huku akitafuta kiti. "Wa kwako umewaacha wapi?"

Yule kijana hakuwa na hata kuku. Darasa zima lilijua. Lekishon akaja kukaa karibu nami, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na hapo ndipo tulipobaki.

Muhula wa pili tukaanza kuandika programu. Lugha tuliyofundishwa iliitwa Paskali, na ilinitesa. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nalalamika huku nasonga ugali: Paskali leo amenikatalia, Paskali hataki kosa hata moja, Paskali kanichosha. Mume wangu alivumilia wiki nzima. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama Tluway, huyu Paskali ni mtu wa wapi?"

Nilipomweleza hakuamini mpaka nilipomwonyesha kitabu. Alikigeuza geuza, akasema afadhali angekuwa mtu, angekwenda kuongea naye.

Mtihani wa kwanza wa Paskali nilifeli. Nilichoshindwa kuelewa ni jinsi ya kuiambia mashine irudie jambo mpaka hali fulani ibadilike. Programu yangu iliganda, skrini ikatulia kama jicho la samaki. Massawe alieleza kwa Kiingereza, akaeleza kwa Kiswahili, akakata tamaa kwa Kichaga. Mchana ule nilitoka nje nikakaa kwenye tairi kuukuu, nikawa nafikiria kurudi kwenye mashine yangu ya chapa. Lekishon akanifuata, akachuchumaa, akachora duara vumbini kwa kijiti.

"Mama Tluway, hii ni boma. Jioni mbuzi wanarudi. Wewe umesimama mlangoni. Maadamu nje bado kuna mbuzi, ingiza mmoja, hesabu. Tazama tena. Bado wapo? Ingiza, hesabu. Hawapo tena? Funga mlango, nenda kalale."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Na nikihesabu bila kumwingiza mbuzi?"

"Basi nje watakuwepo siku zote, na wewe utasimama mlangoni mpaka ufe." Akacheka. "Ndivyo ulivyoifanyia ile mashine yako."

Nilirudi ndani, nikasahihisha mstari mmoja, ikatembea. Wale niliowafundisha mtakumbuka kwamba nami niliwafundisha kwa mbuzi. Sasa mnajua walikotoka.

Mwaka wa pili kila wanafunzi wawili walitakiwa kutengeneza programu kwa ajili ya ofisi halisi. Mimi na Lekishon tukachagua hospitali hii, na tatizo tulilolichagua lilikuwa kadi za wagonjwa. Wazee mliobaki mnakumbuka yale makabati. Kadi zilipangwa kwa majina, na majina hayakutosha watu. Akina Naserian peke yao walijaza droo nzima. Juma moja waliletwa akina Naserian wawili, wote wajawazito, na muuguzi akagundua akiwa na chupa ya damu mkononi kwamba kadi iliyo kitandani ni ya yule mwingine. Hakuna aliyedhurika. Lakini muuguzi yule alikaa chini sakafuni, na mimi nilimwona.

Vitabu vyetu vilisema tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayowatenganisha watu wenye jina moja. Tukaenda kwenye makabati kutazama. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawakuijua tarehe yao, makarani waliandika tarehe moja Januari na kupiga muhuri. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, nusu ya wilaya ilizaliwa siku ya mwaka mpya.

Lekishon alipekua kadi siku mbili. Kisha akasema, "Tuwaulize wanachokijua."

"Kama nini?"

"Mwanamume wa kwetu hajui tarehe, lakini rika lake analijua. Wa rika la Nyangusi hawezi kusema yeye ni wa Seuri hata umpe ng'ombe. Mwanamke anajua ameolewa na rika gani, anajua jina la mama yake, anajua wananywesha wapi mifugo. Na ninyi Wambulu mna ukoo na kijiji. Tuweke hivyo."

Tukaweka hivyo. Mimi nilitengeneza kurasa za kujaza na kadi za kuchapisha, na nikaingiza taarifa za wagonjwa mpaka vidole vikaota sugu mpya juu ya zile za zamani. Yeye aliandika sehemu ya kutafuta, ambayo ndiyo iliyokuwa roho ya programu. Karani wa Kimbulu na karani wa Kichaga hawaliandiki jina moja kwa namna moja, na mgonjwa hulitamka kwa namna yake ya tatu. Sehemu ya Lekishon ililipokea jina lilivyosikika, ikaleta wote wanaokaribiana, ikawachuja kwa rika na kwa mama. Nilijua inafanya nini. Jinsi inavyofanya sikuielewa, na niliona haina haja, kwa kuwa mwenyewe alikaa kiti cha pili.

Ikawa imebaki miezi michache tumalize, ndipo dereva wa gari letu la kliniki ya mkoba, linalozungukia vijiji, aliporudi kutoka Malambo na habari. Kaka yake Lekishon, mtoto wa kwanza wa baba yao, alikuwa amevamiwa na nyati akinywesha ng'ombe. Hakufika popote pa kutibiwa.

Lekishon alisikiliza akiwa amesimama kando ya gari. Alizima mashine yake vizuri, akafunika kibodi kwa kitambaa kama tulivyofundishwa, akaniambia, "Nitarudi baada ya msiba." Hakurudi. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Mtahini kutoka chuo kikuu akawa anatarajiwa.

Nikamwendea Mwalimu Massawe. Alivua miwani, akaifuta kwa koti lake, ikazidi kuwa chafu.

"Sheria ni kwamba wote wawili msimame mbele ya mtahini," alisema. "Asiyekuwepo hapati kitu. Na wewe utaulizwa sehemu aliyoiandika. Utaweza kuijibu?"

"Sitaweza, mwalimu."

"Basi mama, usikae hapa kunitazama. Kamtafute."

Nyumbani nilimwambia mume wangu naenda Malambo na gari la kliniki, kumtafuta mwanafunzi mwenzangu.

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Akafikiri. "Angalau si Paskali," akasema, akaenda kunitafutia koti zito.

Nilikuwa nimeishi Karatu maisha yangu yote na sijawahi kupita lango la hifadhi. Kazi ya kwenda kule ilikuwa ya wageni. Tulipanda msituni, ukungu umeshika miti mpaka dereva akawasha taa asubuhi, tukazunguka ukingo wa kreta bila kuiona, kisha tukashuka upande wa pili na dunia ikafunguka. Nyasi zilikuwa zimekauka, na upepo ulikuwa na chumvi ya vumbi. Niliogopa kidogo. Bibi yangu aliwahi kutusimulia kwamba upande huo ndiko walikotoka Wamaasai waliochukua ng'ombe wa babu.

Tulifika bomani kwao mchana. Lekishon alikuwa anawapaka ng'ombe dawa ya kupe. Alikuwa amekonda, na fimbo aliyoshika niliambiwa baadaye ilikuwa ya marehemu. Aliponiona aliacha kazi. Kisha akasema, "Mama Tluway, umekuja mpaka huku," akaiangalia miguu yake.

Baba yake, Mzee Parmitoro, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Alinisalimu kwa salamu ya wanawake, "Takwenya," nami nikaitika "Iko" kama Lekishon alivyowahi kunifundisha. Baada ya hapo Kimaasai changu kikawa kimeisha, na mzee hakutaka Kiswahili. Kwa hiyo Lekishon ilibidi atafsiri. Sijawahi kuona mtu akipewa kazi ngumu kuliko ile: alikaa chini kati yetu, akageuka kinywa cha kila mmoja, katika shauri lililomhusu yeye.

"Baba anauliza umekuja kwa msiba au kwa jambo."

"Mwambie kwa vyote viwili. Sukari na majani ya chai ni ya msiba. Jambo ninalo pia."

Mzee akasema maneno marefu. Lekishon akasita.

"Anasema zamani Wambulu walikuja kuchukua ng'ombe. Siku hizi mnakuja kuchukua wachungaji."

"Mwambie kwetu tunawalalamikia ninyi hivyo hivyo."

"Nimwambie kweli?"

"Mwambie."

Akamwambia. Mabega ya mzee yakatikisika, nami sikujua kama anacheka au anakohoa. Kisha akaacha, akatazama zizi, akasema jambo fupi kwa sauti ya chini. Lekishon hakulitafsiri.

"Amesemaje?"

"Mama Tluway..."

"Sema alivyosema."

"Amesema alikuwa na watoto wawili wakubwa. Mmoja kachukuliwa na nyati. Mwingine kachukuliwa na sanduku."

Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno mengi juu ya elimu na maendeleo. Yote yalinitoka. Nilimsimulia mzee habari za akina Naserian wawili, na damu, na muuguzi aliyekaa sakafuni. Nikamwambia kwamba ile kazi ya kuwatenganisha watu wenye jina moja aliifanya mwanawe, kwamba mimi siwezi kuieleza, na kwamba pasipo yeye itahesabiwa haikufanyika. Lekishon alitafsiri akiwa ameinama. Nadhani alipunguza sifa zake, maana ilikuwa fupi kuliko nilivyosema.

Nyuma yetu sauti ya mwanamke ikaingia. Ni mama yao. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Alizungumza kwa ukali na mzee akamjibu kwa ukali, na safari hii hakuna aliyenitafsiria. Mwisho mzee akanigeukia.

"Anasema," Lekishon akaanza, na sauti yake ikawa ya karani asomaye tangazo, "kwetu mtu asiye na maziwa huazimwa ng'ombe wa kukama. Hapewi, anaazimwa. Ng'ombe akikauka humrudisha kwa mwenyewe. Baba anakuazima mimi. Mama na mjane wa kaka watachunga. Kazi ile ikiisha utanirudisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Mwambie nakubali. Nitamrudisha."

Lekishon akanitazama kidogo, kisha akatafsiri na hilo.

Siku ya mtahini jenereta lilikohoa kuliko kawaida, na Massawe alisimama kando yake kama mkunga. Mtahini alikuwa mama mmoja mpole, mfupi, anayeandika kwa penseli. Aliniuliza juu ya kurasa zangu na nikajibu. Halafu akamwomba Lekishon amwonyeshe sehemu ya kutafuta. Lekishon akasimama, akiwa na shati aliloazima kwa kijana yule yule aliyemuuliza habari za ng'ombe, akaeleza mstari kwa mstari. Mtahini aliandika jina kwa makusudi vibaya, "Naselieni". Skrini ikafikiri, ikaleta akina Naserian wote. Akaongeza rika la mume. Wakabaki wachache. Akaongeza jina la mama. Akabaki mmoja.

Mtahini akaweka penseli chini. "Huyu yupo kweli?"

"Yupo," nikasema. "Yeye na mtoto wake."

Tulifaulu sote wawili. Lekishon alifaulu zaidi ya kufaulu. Wiki iliyofuata Massawe akatuita, akasema chuo kikuu kinamtaka kwa shahada kamili, na ufadhili upo. Mwalimu alikuwa na furaha mpaka alikuwa amelivua lile koti. Lekishon alishukuru, akatoka nje. Nikamfuata. Tukatembea mpaka karibu na mnadani.

"Mama Tluway, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Sijui. Lakini nitakwambia jambo moja. Ahadi niliitoa mimi. Wewe hukuahidi kitu. Ukipanda basi la kwenda chuoni, mimi nitakwenda Malambo peke yangu, nitasimama mbele ya baba yako, nitamwambia nimeshindwa kukurudisha."

"Atakwambia nini?"

"Mabaya. Kwa Kimaasai. Sitaelewa."

Akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani. Aliinua kona ya rubega akajifuta uso.

"Nani atakutafsiria?" akasema.

Siku ya gari la kliniki nilipofika uwanjani nilimkuta ameshakaa kiti cha nyuma, begi mapajani. Sikumuuliza. Njiani tulizungumza habari za mvua.

Mzee Parmitoro alitupokea amesimama. Nilimshika Lekishon kifundo cha mkono, nikamfikisha kwa baba yake kama nilivyoambiwa. Mzee alimpapasa bega, uso wake ukafunguka, akasema neno moja refu. Lekishon hakutafsiri, wala mimi sikumlazimisha. Dereva, ambaye ni mtu wa huko, ndiye aliyeniambia tulipokuwa tumeondoka.

"Amesema hajawahi kuona mtu anarudisha ng'ombe akiwa bado ana maziwa."

Nililia mpaka Olduvai. Dereva aliendesha taratibu, akajifanya anatafuta mashimo.

Yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa mengi mliyakuta. Umeme wa gridi ulikuja, lami ikaja, zikaja mashine ambazo hakuna panya anayeweza kuingia. Ile programu yetu ilifanya kazi miaka mingi. Ulipoletwa mfumo mpya wa kutoka juu, wataalamu walitaka kufuta kisanduku cha rika kwa sababu wilaya nyingine hazina. Nilikataa. Waliandika kwamba mimi ni mgumu. Kweli nilikuwa mgumu, na kisanduku mnacho mpaka leo.

Lekishon alichunga. Simu za mkononi zilipofika, yeye ndiye aliyekuwa akipanda kilima kutafuta mtandao na kuwatumia watu wa boma zote salamu zao. Kila gari la kliniki liliporudi kutoka Malambo liliniletea kibuyu cha maziwa, nami nilituma majani ya chai. Tulionana mara chache, alipoleta mgonjwa. Hatukuwahi kuzungumza juu ya ile siku ya mnadani.

Juma lililopita, baada ya ninyi kunipa keki na hotuba, nilikaa barazani kwangu nikampigia simu. Nilimwambia nimestaafu. Akasema hongera, akaniuliza hali ya Baba Tluway, akaniuliza mvua. Kisha nikamuuliza nililotaka kumuuliza miaka yote.

"Lekishon, hukujuta?"

"Nilijuta," akasema. "Sana. Nilikuwa nikichunga huku naandika programu kichwani, ng'ombe wanapotea. Miaka mingi hivyo. Halafu mzee akaugua. Nilikaa naye mpaka mwisho. Alikuwa ananiita jina la kaka, kisha langu, kisha la kaka. Akafa nimemshika. Tangu hapo nikaacha kujuta."

"Mimi bado sijaacha," nikasema.

Kwenye simu nilisikia upepo na ng'ombe wakipita.

"Basi njoo," akasema. "Kazi huna sasa. Njoo tukae tujute wote wawili siku nzima, tumalize. Halafu utakunywa maziwa."

Gari la kliniki linaondoka Alhamisi. Nimeshamwambia dereva aniwekee kiti cha dirishani.